Mguu Ulioacha Kusikia Pedali

Jumatatu, 4 Septemba

Uji wa ulezi bila sukari. Kidonge cha kisukari, cha asubuhi. Miaka minane sasa, sikifikirii tena, nakimeza kama ninavyofunga kilemba.

Sare sitini za shule zinaningoja. Shule zinafunguliwa mwisho wa mwezi na wazazi wa mji huu huamka wote siku moja. Sketi za bluu, mashati meupe. Kazi ya kufanya huku nasinzia.

Ila leo mashine imenikataa. Nakanyaga kwenda mbele, gurudumu linarudi nyuma, uzi unakatika. Mara sita kabla ya saa nne. Zubeda, fundi mwenzangu ninayekaa naye baraza moja mbele ya duka la vitambaa, alikuwa anacheka huku ameinama. Nilimwona.

Ni mkanda. Umelegea. Kesho nanunua mwingine.

Jumatano, 6 Septemba

Mkanda mpya. Mafuta kila tundu. Sindano mpya. Nimesugua hata yale meno yanayovuta kitambaa. Hali ni ileile.

Mashine hii naipenda kuliko baadhi ya ndugu zangu, na sisemi kwa utani. Ilikuwa ya mama. Tuliporudi Rwanda kutoka ukimbizini, ilitoka nasi Karagwe juu ya lori, imeviringishwa blanketi, sisi watu tukapigwa na vumbi. Mama alinifundisha nikiwa nafikia pedali kwa ncha za vidole tu. Alinikataza kutazama chini. Mguu unajua, alisema.

Nimechoka pia. Ngazi za baraza ni nne tu, nikifika juu nahema. Ulimi unawasha. Miaka hamsini na tisa, ni uzee tu.

Jumamosi, 9 Septemba

Nimeifungua mashine yote. Sijawahi kufanya hivyo maishani. Nilitandika shuka barazani, nikapanga kila skrubu kwa zamu yake, chuma baada ya chuma, wapita njia wakinitazama kama nachinja mbuzi. Nimeshinda hapo. Hakuna kilichovunjika. Hakuna kilichopinda. Nimeirudisha, nimeketi, nimekanyaga. Uzi ukakatika.

Ndipo Zubeda akainuka, akanisukuma kwa nyonga, akaketi kwenye kiti changu. Akashona pindo zima la sketi bila kusimama. Mshono umenyooka hata mama angeukubali.

"We Mama Deo, mashine yako iko muzuri sana," akasema. "Mi naona shida iko kwa mguu. Mguu yako inachelewa."

Nilimwambia afunge mdomo. Sikumsemesha mpaka tulipofunga. Nina aibu, na si ya kumfokea tu. Nimeshinda siku nzima nikitibu chuma kizima.

Jumanne, 12 Septemba

Asubuhi Baba Deo, mume wangu, alilalamika kuhusu sakafu. Mvua zimeanza, saruji inakuwa baridi, naye hutafuta ndala zake kwa vidole kabla hajafungua macho. Nikamwambia kama jeshi alilopigania lote lingekuwa na miguu kama yake tusingerudi nchini. Akacheka. Mimi nilikuwa peku tangu alfajiri na sikuona baridi yoyote. Nilijisifu moyoni.

Jioni naosha miguu, kidole cha mkono kikagusa kitu kigumu kwenye unyayo wa kulia. Pini. Pini yangu mwenyewe, ile ya kichwa cha njano, imezama yote, kimebaki kichwa. Tangu lini? Nimekwenda nayo sokoni. Labda hata kanisani.

Nimeivuta. Tone moja la damu. Maumivu hakuna. Hakuna kabisa. Nilikuwa kama nachomoa pini kwenye kitambaa.

Nimeishika mkononi mpaka maji yakapoa. Naogopa.

Jumatano, 13 Septemba

Sikumwambia mtu. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunijibu. Baba Deo Kiswahili anakisema, kusoma hakisomi, sembuse mwandiko wangu.

Nimelifikiria. Yupo mzee wa jumuiya yetu aliyeanza hivihivi. Mguu ukafa ganzi, kidonda kikaja, leo anatembea na magongo na mguu mmoja wa suruali umekunjwa na kubanwa kwa pini. Mimi ndiye niliyemshonea suruali ile. Najua kipimo chake.

Sukari ikipanda hula miguu, kila mtu anajua hilo. Basi sukari yangu imepanda. Basi dawa haitoshi.

Kwenye kituo cha afya wananisifu kila nikienda. Kadi safi. Mgonjwa wa mfano, muuguzi aliwaambia wenzangu kwenye benchi. Niende niwaambie nini leo? Kwamba mgonjwa wa mfano hajui pini iko mguuni mwake?

Nimeanza mwenyewe. Viwili asubuhi, viwili jioni, badala ya kimoja kimoja. Bila mguu mimi si fundi. Sijui ningekuwa nini.

Ijumaa, 15 Septemba

Tumbo. Mungu wangu, tumbo.

Nilikuwa nimesahau jinsi dawa hii ilivyonipokea miaka minane iliyopita. Wiki za kwanza nilikuwa najua kila choo kati ya nyumbani na sokoni. Kichefuchefu, gesi, mdomo una ladha ya sarafu. Waliniambia nile kwanza ndipo nimeze, itapita, na kweli ikapita. Sasa yote yamerudi na wageni wao. Leo nimeinuka kwenye mashine mara nane. Wateja wawili wamekuja wamekuta kiti kitupu.

Sare kumi na tisa tu zimekwisha. Natazama chini ninaposhona. Mama akiniona huko aliko anageuza uso. Nisipotazama, mguu hauko. Nikitazama, upo, unakanyaga. Ni jambo la ajabu na la kutisha, mguu unaoishi kwenye macho tu.

Jumapili, 17 Septemba

Zubeda tumepatana. Yeye ndiye aliyetoa wazo. "Twende Nyamyumba kwa maji ya moto. Mutu akiingiza miguu pale, damu inatembea. Bibi yangu alipona goti."

Baada ya misa tukapanda pikipiki mbili mpaka kule. Nimeishi mji huu miaka yote hii na nilikuwa sijawahi kufika kwenye chemchemi. Maji yanatoka ardhini yanachemka bila kuni. Mvuke unapanda, na hatua chache mbele ziwa limetulia, baridi, kama halina habari. Mwanamke mmoja alikuwa anachemshia viazi vyake mlemle kwenye mfuko wa wavu. Nilisimama mdomo wazi. Kuna moto chini yetu, chini ya nyumba, chini ya kanisa, chini ya mashine yangu, nasi tunatembea juu yake tukigombana bei ya vifungo.

Watu walikuwa wanaingiza mguu kidogo kidogo pale maji yanapochanganyika na ya ziwa. Baba mmoja wa Kanama, mgonjwa wa mgongo, aligusa kwa kidole akaruka: "Yooo!" Mimi nilikwenda juu zaidi, karibu na jicho lenyewe la chemchemi. Nikaingiza miguu yote miwili kwa mpigo. Nikakaa.

Watu wakageuka kunitazama. Kisha wakaanza kunistaajabia. Yule wa Kanama akasema mama huyu ana roho ya chuma. Zubeda peke yake alikuwa amekunja uso. "Mama Deo, haikuchomi? Toka basi. Toka!"

Nilikaa. Niseme ukweli kwa kuwa ni karatasi: nilifurahi kutazamwa hivyo. Niliona uvuguvugu tu wa mvuke magotini. Nikajiambia dawa inaingia.

Jumatatu, 18 Septemba

Malengelenge. Miguu yote miwili, mpaka juu ya kifundo. Moja kubwa kama yai. Niliyaona asubuhi nilipofunua blanketi, na hata hapo ilikuwa ni kuona tu. Hayaumi. Ningependa yaume.

Baba Deo alipiga magoti mbele ya kitanda. Mtu aliyepita vitani, akageuza uso ukutani. Akaniuliza nilikaa kwa muda gani. Nikamweleza yote. Mashine, pini, maji, vidonge vya kuongeza. Hakunifokea hata neno. Afadhali angenifokea.

Akasema, "Kesho." Akaenda kumtafuta dereva wa gari anayemfahamu.

Nimewaza mguu wa suruali uliokunjwa. Siku nzima sikuwaza kingine.

Jumanne, 19 Septemba

Hospitali. Niandike kwa mpangilio, nisije nikasahau.

Daktari ni binti mdogo, rika la kitinda mimba wangu, nywele kazikata fupi. Amefunga malengelenge kwa mikono myepesi kuliko yangu. Kisha akatoa chuma chenye matawi mawili, kama uma ulionyofolewa meno ya kati. Akakigonga kwenye kiganja chake, akakiweka juu ya mfupa wa kifua changu. Kikaimba. Nilikisikia ndani ya mfupa, si kwa sikio. Sikujua kwamba mfupa unaweza kusikia. Miaka hamsini na tisa naishi na mifupa hii.

Akakiweka juu ya dole gumba la mguu. Kimya. Kifundo. Kimya. Katikati ya muundi. Kimya. Kwenye goti, mbali, kikaanza kuimba tena. Ilikuwa kama amechora mstari wa chaki mahali ninapoishia.

Akaniambia nifumbe macho, akashika dole gumba. Limekwenda juu au chini? Nikasema chini, kwa uhakika wote. Nikafumbua. Alikuwa ameliinua mpaka mwisho.

Hapo nikaielewa mashine. Ilikuwa haijanikosea hata siku moja.

Akatazama ulimi wangu kwa muda mrefu. Laini mno, mwekundu mno. Akatazama ndani ya kope. Akauliza nahema nikipanda ngazi? Akapima sukari, akapima na ile ya wastani wa miezi mitatu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hukumu. Akageuza karatasi nikaisoma mwenyewe. Sukari yangu ni nzuri. Akasema ni wachache wanaomjia na karatasi kama ile.

Basi ni nini?

Akaanza kuuliza chakula. Maziwa? Niliyaacha siku nilipoambiwa nina sukari. Nani alikuambia uyaache? Nikafikiri. Waliniambia niache chai ya maziwa yenye sukari. Mimi nikaacha ng'ombe mzima. Nyama? Krismasi na harusi. Mayai? Ya wajukuu. Samaki? Nikamtazama. Nikamwambia sisi ni watu wa ng'ombe. Kwetu samaki haliwi, hata sufuria yake haiingii ndani. Bibi alisema ukila samaki ng'ombe wanakatika maziwa.

Akauliza, "Ng'ombe wako wangapi, mama?"

Sina hata mmoja. Sijawa na ng'ombe tangu Karagwe.

Hakucheka. Akanieleza. Kile kidonge, kwa miaka, humfanya mtu ashindwe kunyonya vitamini moja kutoka kwenye chakula. Ndiyo inayotengeneza damu na kulinda mishipa ya fahamu, kama ganda lilindavyo waya wa pasi. Iko kwenye maziwa, nyama, samaki, mayai. Mwili huweka akiba ya miaka, kwa hiyo mtu hajui. Kidonge kilikuwa kinazuia mlangoni, nami nilikuwa siingizi kitu. Alisema anadhani ndiyo hiyo, ila damu iende Kigali ikapimwe. Sukari nayo huua miguu, lakini kwa namba zangu anashuku hii kwanza.

Nilipotaja vidonge nilivyoongeza, ndipo aliponifokea. Ningeweza kuumiza mwili wangu vibaya, na tatizo lenyewe ningelizidisha. Kimoja kimoja, mama, na usikiache hata siku moja, ndicho kilicholinda macho yako na figo zako.

Nikauliza kama watanikata. Akasema, "Sijasema hivyo hata kidogo." Hakusema pia kwamba miguu itarudi. Nilisubiri aseme.

Jumatano, 20 Septemba

Niko nyumbani, miguu juu ya mto. Nimekiweka kidonge mezani nikakitazama kwa mara ya kwanza baada ya miaka minane. Cheupe, mstari katikati. Kitu kidogo kuliko kifungo cha shati.

Nilikasirika kwanza. Nilitaka kukitupa nje kwa kuku. Kisha hasira ikaisha, ikabaki mshangao. Kimekuwa kinanilinda macho mchana na usiku. Uzi naupitisha kwenye tundu la sindano bila miwani, Zubeda, aliye mdogo kwangu, hawezi. Na muda huohuo kilikuwa kinaninyima kitu kingine kwenye mlango wa pili, bila kelele, bila nia mbaya. Mimi ndiye ambaye sikuuliza. Mgonjwa wa mfano hakuuliza swali hata moja miaka minane.

Nimekimeza. Baada ya kula, kimoja.

Alhamisi, 28 Septemba

Jibu la Kigali limefika. Vitamini hiyo karibu haipo. Daktari alionyesha namba kwa kidole, akasema sasa tunajua. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kukosa kitu.

Akavunja kichupa kidogo. Sikutarajia rangi. Nyekundu! Nyekundu ya kanga mpya, inayopitisha mwanga. Nikamwomba aishike dirishani kidogo. Akanivumilia. Nimeshona vitambaa vya kila rangi na hiyo sijaikuta. Matone machache, na ndiyo yaliyopungua mwilini mpaka mtu mzima akakaa kwenye maji yanayochemsha viazi. Kisha akanichoma sindano.

Siku moja ndiyo, moja hapana, wiki mbili. Kisha kila wiki. Kisha kila mwezi, labda maisha.

Nikamuuliza tena. Miguu itarudi? Akasema mishipa hupona polepole, mingine haiponi, inategemea imekaa njaa muda gani. Tusubiri miezi. Nikasema ahsante. Nikalia kwenye gari.

Shule zimefunguliwa Jumatatu. Zubeda alimaliza sare zangu zote, kwa mashine yangu, akasema yake ina wivu. Jioni niliona wasichana watatu wakipita na sketi za bluu. Mapindo yamenyooka. Hayakuwa yangu.

Jumapili, 1 Oktoba

Nimekula sambaza.

Zubeda alizileta zimekaangwa, ndani ya bakuli lenye kifuniko, kama mtu anayeleta siri. Kwao ni Waislamu wa mjini toka zamani, wamekulia kwenye sambaza. Baba Deo alipoona alichukua redio yake akaenda kukaa uani, mvua ikinyesha.

Samaki mdogo mzima, na macho yake, ananitazama. Mikono yangu ilikataa. Nilimwona bibi mlangoni, fimbo mkononi. Zubeda akasema, "Bon, funga macho. Si we ndiye umezoea kumeza dawa? Meza." Nikafumba.

Ni chumvi, ni pilipili, ni kitu kinachovunjika chenyewe mdomoni. Ni kizuri. Nakasirika jinsi kilivyo kizuri. Miaka hii yote naliona ziwa kila asubuhi, nasikia wavuvi wakiimba wakirudi, na nilikuwa nafikiri ni maji ya kutazama tu.

Nimekula kumi na moja. Na kikombe cha maziwa baadaye, maziwa matupu. Hapo ndipo machozi yalinitoka. Harufu ya nyumbani kwetu.

Alhamisi, 12 Oktoba

Hakuna kitu. Sindano ya nane leo. Malengelenge yamekauka, ngozi mpya imetoka ya waridi. Nalichoma dole gumba kwa pini kila asubuhi kabla Baba Deo hajaamka. Hakuna kitu. Ulimi tu umeacha kuwasha.

Nimekwenda barazani, nikakaa kwenye mashine nikiwa nimevaa soksi za bandeji. Sikukanyaga. Zubeda alinipa vifungo nivishone kwa mkono. Nimeshona vifungo mchana kutwa kama mtu anayeanza.

Nachukia vifungo.

Jumamosi, 21 Oktoba

Ngazi za baraza. Nimepanda zote nne huku nikimsema Zubeda, na nilipofika juu bado nilikuwa nasema. Tulitambua pamoja. Akapiga makofi.

Damu imerudi, basi. Miguu bado.

Baba Deo ametoka jioni bila kuaga. Amerudi na kifurushi cha gazeti, amekishika mbali na mwili, mkono umenyooka. Sambaza. Alikwenda mwenyewe mpaka wanapouzia. Akakiweka mezani, akanawa mikono mara tatu, akachukua redio. Mume wangu hakuwahi kuniletea maua. Sitayahitaji sasa.

Jumatatu, 30 Oktoba

Mchwa.

Niliamka nikidhani wameingia kitandani. Nikafunua, nikawasha taa, nikapangusa. Hakuna mdudu. Wako ndani. Kwenye unyayo, wanatembea, wanauma, wanapita kati ya vidole. Inakera. Inawaka. Haivumiliki.

Nilikaa kitandani nikicheka. Baba Deo akadhani nimepatwa na wazimu. Nilimwambia inauma, inauma, akaanza kutafuta viatu anipeleke hospitali. Nikamshika shati.

Sijui niandike nini zaidi. Mahali palipokuwa kimya pana kelele.

Jumanne, 14 Novemba

Daktari na uma wake. Mimi ndiye niliyemwomba aanze na ule.

Kifua, kikaimba. Goti, kikaimba. Muundi, kikaimba! Kifundo, kikaimba kidogo. Akakigonga tena, akakiweka kwenye dole gumba la kulia. Nikafumba macho. Nikashikilia pumzi. Hata muuguzi akaacha kupanga mafaili.

Kipo. Kwa mbali sana, kama cherehani inayoshona nyumba ya jirani. Lakini kipo.

Kushoto hakuna. Akanijibu kabla sijauliza: huenda ukachelewa, huenda usirudi wote. Nimesikia. Leo sikulia. Nimepewa mguu mmoja na ahadi ya nusu, na mguu wa kushoto siku zote ulikuwa mvivu.

Amesema ataanza kuwauliza wote waliotumia dawa hii kwa muda mrefu kuhusu miguu na ulimi. Nikamwambia awaulize na maziwa. Na kama ni watu wa ng'ombe, awaulize na samaki, ila kwa upole.

Ijumaa, 24 Novemba

Nimekanyaga.

Nilimsubiri Zubeda aende kuswali, sikutaka mashahidi. Nikavua kiatu. Nikaweka unyayo juu ya chuma. Pedali ile ina maua yaliyochongwa, mama alikuwa akiyasugua kwa majivu. Chini ya unyayo wa kulia nililiona ua moja. Si kwa macho. Nililiona kwa ngozi, petali moja, nyingine, na pale katikati palipolika kwa mguu wa mama na wangu.

Nikatazama mbele. Ukutani, kwenye kalenda ya mwaka juzi. Nikakanyaga.

Gurudumu likaenda mbele.

Nimeshona pindo la pazia lote. Limepinda sehemu mbili, kushoto kulichelewa. Zubeda aliporudi alilichukua, akalivuta mkononi, akasema, "Donc, umerudi. Ila hii utafumua."

Nimefumua. Nimeshona tena.

Jumapili, 3 Desemba

Mvua usiku wote. Kumekucha kimya.

Kidonge, baada ya uji. Maziwa. Sindano ya mwezi ni baada ya wiki tatu.

Nilitoka kitandani kabla ya Baba Deo, nikasimama. Kisha nikakaa tena, nikatafuta ndala zake kwa vidole.

Sakafu ni baridi.